Utajuaje kama kituo cha kutibu uraibu kinafanya kazi? Vipimo ambavyo kila familia ya Pwani inafaa kuvijua

Familia nyingi hapa Pwani zimeshaipita njia hii. Kijana anaingia katika unga, na nyumba inaanza kupungua kitu kimoja kimoja: simu, redio, sufuria, mtungi wa gesi. Wazee wanakaa kikao, wajomba na mashangazi wanachanga, pengine kipande cha shamba kinauzwa, na kijana anapelekwa kituo cha kurekebisha tabia. Baada ya miezi mitatu anarudi amenenepa, uso unang'aa. Wiki mbili baadaye anaonekana tena maskani. Hapo lawama zote humwangukia yeye: hana nia, hana haya, hafai.

Ni mara chache mtu huuliza swali la pili: je, kile kituo chenyewe kilikuwa kizuri? Tukimpeleka mgonjwa wa sukari hospitali na akatoka bila dawa, bila ushauri wa chakula na bila tarehe ya kurudi, hatutamlaumu mgonjwa peke yake. Lakini kwa mraibu tumezoea kulipa, kushukuru na kunyamaza. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyopima ubora wa matibabu ya uraibu, na jinsi mzazi, ndugu au mraibu mwenyewe anavyoweza kuvitumia vipimo hivyo kabla hajatoa shilingi yake.

Nguzo tatu za ubora

Njia inayotumika zaidi duniani kupima huduma za afya ilielezwa mwaka 1966 na Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani. Alisema ubora utazamwe mahali patatu. Kwanza, mazingira: jengo, wahudumu, dawa, leseni. Pili, utendaji: mgonjwa anafanyiwa nini, lini na vipi. Tatu, matokeo: hali yake ikoje baadaye.

Nguzo hizi zinategemeana. Kituo kinaweza kuwa na vitanda safi na bustani nzuri, lakini mgonjwa akakaa siku nzima bila kuzungumza na mshauri. Kingine kinaweza kuwa na washauri hodari lakini hakina daktari wa kumwita usiku. Anayetazama nguzo moja tu atadanganyika.

Nguzo ya kwanza: mazingira

Hapa Kenya, vituo vya matibabu ya uraibu hukaguliwa na kuidhinishwa na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: cheti kiko wapi, na kimeisha lini? Kituo halali hakitaona tabu kukuonyesha. Unaweza pia kuuliza kwa kupiga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.

Kimataifa, Shirika la Afya Duniani (WHO) na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu (UNODC) zilitoa viwango vya matibabu ya uraibu mwaka 2016, zikavijaribu katika nchi kadhaa, kisha zikatoa toleo lililorekebishwa mwaka 2020. Msingi wake ni kwamba uraibu ni maradhi yanayotibika, na mgonjwa wake anastahili heshima na utaalamu ule ule anaopewa mgonjwa mwingine.

Baada ya cheti, tazama wahudumu. Je, yuko daktari au afisa wa kliniki? Wauguzi wapo usiku? Washauri nasaha wamesomea kazi hiyo? Waliowahi kuwa waraibu wakaacha ni hazina kubwa, kwa sababu wanaijua arosto kwa miili yao wenyewe, lakini wao pia wanahitaji mafunzo na usimamizi. Kuacha unga hakumfanyi mtu kuwa muuguzi.

Jambo hili si la karatasi tu. Arosto ya heroini inatesa vibaya, na kutapika na kuharisha kusipotibiwa kunaweza kuwa hatari. Lakini mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku, au anayemeza tembe za usingizi zinazoitwa bugizi, akikatishwa ghafla anaweza kupatwa na kifafa na kufa. Kituo kinachompokea mtu kama huyo na kumfungia chumbani bila daktari kinacheza na roho yake, hata kama nia yao ni njema.

Nguzo ya pili: utendaji

Hapa ndipo tofauti kati ya kituo kizuri na kibaya hujitokeza zaidi, na ndipo familia huuliza kidogo zaidi.

Kipimo cha kwanza ni muda wa kusubiri. Mraibu anaposema leo nataka kuacha, mlango huo haukai wazi muda mrefu. Akiambiwa arudi baada ya wiki tatu, wengi hawarudi. Nchini Marekani, mipango ya bima ya afya hupimwa kwa kuangalia ni wangapi kati ya waliogunduliwa kuwa na uraibu walioanza matibabu ndani ya siku 14, na wangapi waliendelea na huduma zaidi katika wiki chache zinazofuata. Kliniki yoyote ya Pwani inaweza kupima jambo hilo kwa daftari na kalamu.

Kipimo cha pili ni uchunguzi wa mwanzo. Mgonjwa anapaswa kuulizwa anatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, na kwa muda gani. Apimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, hasa akiwa anajidunga sindano. Aulizwe kuhusu huzuni, kusikia sauti, na mawazo ya kujiua. Kisha uandikwe mpango wake yeye. Kituo kinachompa kila mtu ratiba ile ile, awe wa heroini, wa pombe au wa bangi, kinaendesha bweni, hakitibu.

Kipimo cha tatu ni dawa sahihi kwa kiasi sahihi. Kwa uraibu wa heroini, methadoni imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2005. Kenya ilianza kuitoa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mapema 2015 huduma hiyo ikafika Malindi. Baadaye kliniki zikafunguliwa Kisauni na Kombani. Mashirika ya kijamii kama Omari Project ya Malindi, Reachout na MEWA za Mombasa yamekuwa yakiwahudumia waraibu wa Pwani tangu kabla ya dawa hiyo kuwasili.

Wapo wanaosema methadoni ni kumtoa mtu kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine. Hoja hiyo inastahili jibu. Heroini hufanya kazi kwa saa chache, kisha arosto inamrudisha mtu mtaani kutafuta pesa. Methadoni inayonywewa kliniki hukaa mwilini saa 24 na zaidi. Mtu hana haja ya kuiba wala kujidunga, na anaweza kufanya kazi, kulala na kulea watoto wake. Lakini faida hiyo hupatikana dozi ikitosha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 unasema mgonjwa aanze kwa kiwango cha chini, kwa kawaida kisichozidi miligramu 20 kwa siku, kisha apandishwe kwa uangalifu; wengi hutulia wakifika kati ya miligramu 60 na 120. Kliniki inayomwacha kila mtu kwenye dozi ndogo, kwa hofu au kwa kubana matumizi, itawaona wakirudi kwenye unga na kudhani dawa haifai.

Dawa hii ni ya heroini na jamii yake tu. Haimtibu mtu wa pombe, bangi au muguka. Kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka mwezi Mei 2024, kabla ya mahakama kusimamisha amri hizo, mjadala ulikuwa wa biashara na sheria. Swali la wapi kijana aliyezama katika muguka atapata mshauri mzuri halikuzungumzwa kwa sauti hiyo. Kwa hao, ushauri nasaha wenye utaratibu ndio tiba yenyewe, kwa hiyo ubora wa mshauri unapaswa kupimwa kwa ukali zaidi.

Kipimo cha nne ni heshima. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakitaka vituo vya kuwashikilia waraibu kwa lazima vifungwe. Kufunga watu minyororo, kuwachapa, kuwanyima chakula au kuwazuia kuonana na jamaa zao si matibabu. Dua, nasaha na kisomo vina nafasi yake kubwa katika kumrejesha mtu kwa Mola wake na kwa watu wake, lakini hakuna dua inayohitaji mnyororo. Mgonjwa asipoweza kulalamika bila kuogopa, hujui lolote kuhusu kituo hicho.

Nguzo ya tatu: matokeo

Hapa ndipo familia zinapotaka jibu la neno moja: amepona au hajapona? Wataalamu hawapimi hivyo.

Mwaka 1980 Thomas McLellan na wenzake huko Philadelphia walitoa dodoso linaloitwa Addiction Severity Index. Humuuliza mtu kuhusu mambo saba: afya ya mwili, kazi na riziki, pombe, dawa nyingine, matatizo na sheria, familia na jamii, na afya ya akili. Uingereza ilileta dodoso fupi zaidi mwaka 2007, lenye maswali 20 kuhusu siku 28 zilizopita. Mgonjwa huulizwa anapoanza matibabu na kurudiwa baadaye, kisha majibu yanalinganishwa.

Mantiki yake hata mama asiyejua kusoma anaifahamu. Kijana ambaye bado anavuta mara moja kwa wiki, lakini ameacha sindano, amerudi kuvua samaki, haibi tena na analala nyumbani, hajamaliza safari, lakini si yule wa mwaka jana. Kipimo kinachouliza tu anatumia au hatumii kitamwita mtu huyu ameshindwa.

Kipimo kingine chenye uzito ni kubaki katika matibabu. Taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, imeeleza kwamba matibabu ya chini ya siku 90 huwa na manufaa madogo, na kwamba kwa methadoni miezi 12 ni kima cha chini. Kwa hiyo uliza: kati ya walioingia, wangapi wapo baada ya miezi mitatu? Baada ya sita? Baada ya mwaka?

Kisha kuna kurudia. Mwaka 2000 McLellan na wenzake walionyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa uraibu hurudi kutumia ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, na wakaulinganisha uraibu na maradhi sugu kama kisukari, presha na pumu, ambayo nayo hurudi mgonjwa asipofuata dawa. Kuteleza si kuanguka. Kituo kizuri hakimfukuzi aliyeteleza. Kinamrudisha haraka na kuuliza ni wapi mpango ulilegea.

Takwimu zinazodanganya

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona tangazo linalosema asilimia 90 ya wateja wetu wamepona, tulia uulize asilimia 90 ya nani.

Chukua mfano wa kufikirika. Watu 100 wameingia kituoni. Arobaini wametoroka au kuondoka katika mwezi wa kwanza. Sitini wamemaliza. Miezi sita baadaye kituo kimepiga simu na kuwapata 45, na 27 kati yao wanaendelea vizuri. Kituo kinaweza kutangaza kwamba kimefaulu kwa asilimia 60, maana 27 kati ya 45 ni asilimia 60. Lakini ukihesabu wote walioingia na kulipa, uliothibitishwa ni ufanisi wa asilimia 27. Waliotoroka na wasiopokea simu wamefutwa kimyakimya, na mara nyingi hao ndio walio katika hali mbaya zaidi.

Ujanja wa pili ni kuchagua wagonjwa. Kituo kinachowapokea tu vijana wenye kazi, wenye familia imara na walioanza kutumia majuzi kitakuwa na matokeo mazuri kuliko kliniki ya umma inayompokea kila mtu, hata wa miaka 20 ya sindano. Kuvilinganisha viwili hivyo bila kutaja ni nani waliingia ni kuionea kliniki ya umma.

Ujanja wa tatu unaua: kuhesabu sherehe za kuhitimu. Mwaka 2003 watafiti wa London wakiongozwa na John Strang walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 137 wa heroini waliolazwa ili kusafishwa mwili. Katika mwaka uliofuata watano walikufa. Watatu waliokufa kwa kuzidisha dozi, ndani ya miezi minne ya kwanza, wote walikuwa katika kundi lililomaliza matibabu vizuri. Sababu yake inaeleweka. Mwili uliokaa bila heroini husahau ule uvumilivu wake. Mtu akiteleza na kutumia kiasi alichozoea zamani, pumzi inakatika. Hatari hii pia huwakabili wanaotoka jela.

Kwa hiyo kituo kinachomaliza kazi yake siku ya cheti na picha kimeishia pale hatari inapoanzia. Ubora hupimwa kwa yanayofuata: je, mgonjwa na jamaa zake wameelezwa hatari hiyo? Amepewa tarehe ya kurudi, na ameunganishwa na kliniki ya methadoni ikihitajika? Kuna naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini, na mtu anayejua kuitumia? Simu yake itapigwa wiki ya kwanza? Na kama kituo hakijui ni wangapi kati ya waliohitimu wameshafariki, basi hakijapima kitu.

Wanawake na wasioonekana

Takwimu ya jumla inaweza kuficha watu. Kliniki inaweza kuonekana imejaa na inafanya kazi, kumbe karibu wote ni wanaume. Mwanamke anayetumia unga hapa kwetu hubeba aibu maradufu. Huogopa kunyang'anywa watoto, huogopa kuonekana foleni na jirani, na vituo vingi havina chumba chake wala mahali pa kumweka mtoto. Ndiyo maana kipimo chochote cha haki kigawanywe: wanawake wangapi wameingia, wangapi wamebaki, na wenye mimba wanapata huduma gani. Mjamzito anayetumia heroini hapaswi kukatishwa ghafla, na WHO inapendekeza apewe tiba ya methadoni au buprenofini pamoja na huduma za uzazi.

Tazama pia umbali na nauli. Methadoni hutolewa kila siku, na mtu anayetoka mbali atakosa dozi kwa kukosa nauli ya matatu. Aliyekosa siku kadhaa mfululizo lazima apimwe upya kabla ya kurudishiwa dozi yake kamili. Na mwezi wa Ramadhani, kliniki yenye saa za mchana pekee inamweka mfungaji mahali pagumu. Saa za kufungua nazo ni kipimo cha ubora.

Maswali kumi ya kwenda nayo

1. Cheti cha NACADA kiko wapi na kinaisha lini?
2. Nani ni daktari au afisa wa kliniki wenu, na usiku yuko nani?
3. Mgonjwa atachunguzwa nini siku ya kwanza?
4. Je, ataandikiwa mpango wake, na ataueleza kwa kauli yake?
5. Kwa mtu wa heroini, mnaunganisha na methadoni au mnaikataa? Kwa nini?
6. Atazungumza na mshauri ana kwa ana mara ngapi kwa wiki?
7. Mtu akitaka kuondoka au kulalamika, mnafanyaje?
8. Kati ya wote walioingia mwaka jana, wangapi walibaki miezi mitatu?
9. Mnawafuatilia kwa muda gani baada ya kutoka, na aliyeteleza mnampokea?
10. Gharama yote ni kiasi gani, kwa maandishi, na bima ya SHA inapokelewa?

Kituo kikijibu maswali manane vizuri na kukiri hakina jibu la mawili, kinaaminika zaidi kuliko kinachojibu yote kwa tabasamu na ahadi.

Jukumu la kaunti

Afya imegatuliwa tangu Katiba ya 2010, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Mraibu hajatolewa katika kifungu hicho. Serikali za kaunti za Pwani zinaweza kuchapisha kila mwaka, kwa kila kituo, idadi ya walioingia, waliobaki na waliofariki, bila kutaja jina la mtu. Jina ni siri ya mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini hesabu ya kituo ni mali ya umma.

Hesabu hizo zitasaidia pia kutetea bajeti. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, huduma nyingi za Ukimwi na za waraibu zilizotegemea fedha hizo ziliyumba. Huduma isiyoweza kuonyesha kwa tarakimu imeokoa nani ni rahisi kuikata.

Kwa mzazi aliyechoka kuchangisha, ushauri ni mmoja. Kabla ya kusema mtoto wako ameshindwa mara tatu, hesabu ni mara ngapi kati ya hizo tatu alipimwa, akapewa dawa iliyomfaa, na akapigiwa simu baada ya kutoka. Ikiwa ni sifuri, basi bado hajawahi kutibiwa, na mlango haujafungwa.